Nilimuuzia Gari, Nikabaki na Karatasi

"Toa mkono kwa kioo ya gari yangu, Mama Shiru."

"Napangusa umande tu."

"Sijakutuma upanguse."

"Mama Cheruto, hii kioo nimeipangusa miaka sita. Mkono umezoea."

"Basi uzoeshe kitu ingine. Si uko na meza? Si uko na viatu? Pangusa hizo."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, hapa Lanet, watu wazima wawili tunavutana kitambaa juu ya boneti kama watoto wa nasari. Wangare wa nyumba ya tatu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hanywi, anasikiliza. Hiyo habari ingefika kanisani Jumapili kabla ya pasta. Najua, kwa sababu ningekuwa mimi niliyesimama pale, ningeifikisha mimi.

Kama gazeti la juma lililopita ulilipata likiwa limefungia nyama, wacha nikushike mkono. Mimi ni Wamuyu, Mama Shiru, muuza mapazia ya mitumba. Mume wangu Mwaura anaendesha lori hadi Malaba na nyumbani huja kama mgeni. Kibanda changu kiliungua na mapazia yote. Ili nisimame tena, niliuza kitu cha pekee nilichokuwa nacho cha maana: gari langu la kwanza, dogo, jeupe, la milango mitatu, jina lake Shosho, yaani nyanya. Na katika watu wote wa Nakuru, aliyelinunua ni Cheptanui, Mama Cheruto, muuza maziwa, ambaye mlango wake na wangu inatazamana.

Niliishia pale ufunguo ungali kidoleni mwangu, naye ananiuliza, "Mama Shiru, kuna kitu yoyote napaswa kujua juu ya hii gari?"

Nilimjibu hivi: "Ni kuipenda tu."

Huo ulikuwa uongo. Uongo wenyewe ulikuwa umekunjwa mara nne, kwenye zipu ya ndani ya mkoba wangu.

Shosho nilimnunua mwaka wa 2019 kutoka kwa mzee mmoja wa Ndundori, mwalimu mstaafu aliyeitwa Waithaka. Tulikutana kwenye kituo cha petroli mjini. Alikuja amevaa koti na tai, kama mtu anayepeleka binti kanisani. Baada ya kuandikiana alilizunguka gari mara mbili, akapangusa taa ya nyuma kwa mkono wa koti, kisha akatoa karatasi iliyochanwa kutoka kwa daftari la shule.

"Hii uisome kabla ya kuwasha," akaniambia. "Na siku ukiuza, umpe huyo mwingine. Nimeandika kila kitu."

Mambo saba, kwa mwandiko wa mwalimu, kila moja na namba yake. Namba moja ilikuwa juu ya mlango wa kushoto, unaotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Namba mbili, gia ya pili. Wacha nikunukulie namba nne, kwa maana ndiyo iliyonileta hapa:

"Ukipanda mlima mrefu, fungua hita yote, na madirisha yote. Utatokwa jasho wewe, lakini yeye hatachemka. Sindano ya joto ilikufa 2009, usiiamini."

Ukiwa Lanet na mjini, huwezi kujua. Kote huko ni tambarare. Hata mwaka mzima unaweza kukaa na Shosho bila kuona dalili. Lakini mpeleke mlimani bila namba nne, atakuaibisha mbele ya watu.

Mzee alipokuwa akinipa mkono wa kwaheri aliniambia, "Siku ukipanda na yeye Ndundori, pitia ule." Nikasema nitapitia. Miaka sita sikupitia.

Sasa usifikiri nilikuwa mjinga wa gari. Nilimpenda yule Shosho hadi Mwaura akaniuliza siku moja kama aoe na yeye gari lake.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Rhonda, ploti ya nyumba nane, lango moja, bomba moja. Betri ya Shosho ilikuwa mgonjwa, na kila asubuhi lazima asukumwe. Mimi ndani, nimeshika usukani na gia ya pili, na ploti nzima nyuma: watu wa zamu ya usiku wakirudi, wanafunzi na mabegi, mama wa chapati na unga mikononi. Wakisukuma wanaimba. Shosho anakohoa, anakohoa, halafu anashika, na watu wanapiga makofi kama timu imefunga bao.

Sasa mtu amekusukumia gari, utamwacha aende hivi hivi? Nilikuwa napika chai sufuria ile kubwa ya sherehe kabla hata ya kuvaa. Wanaingia wote. Wengine kwa kochi, wengine kwa mikono ya kochi, wengine wamesimama na kikombe. Nani ameachwa, nani amepata kazi, nani ameonekana na nani steji: yote ilimwagwa kwa meza yangu kabla ya saa moja. Sikuhitaji redio.

Tukahamia Lanet kwa safari nne za Shosho, pazia moja likipeperuka dirishani njia yote. Majirani wapya sikuwajua. Asubuhi ya kwanza nikasimama kwa uwanja nikasema, "Jameni, nisaidieni kusukuma." Asubuhi ya pili nyumba ilikuwa imejaa.

Kigoda alichokalia Wangare kila asubuhi, miaka miwili, kilikuwa changu, kando ya jiko langu.

Halafu Cheptanui akanunua Shosho, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumwekea betri mpya.

Nilikuwa nimesimama dirishani asubuhi hiyo. Nikajiambia, sasa ataona. Atakuja kuomba watu, na watu watanikumbuka. Akaingia, akazungusha ufunguo mara moja tu, na Shosho akashika papo hapo. Hakukohoa hata. Miaka sita mimi namuomba kama mtu mwenye deni, na huyu amemshika kwa kidole kimoja.

Nilikaa kitandani nikiwa na sweta mkononi, sikumbuki nilitaka kuvaa au kuvua.

Nikafikiri angalau watu hawatakwenda kwake, kwa sababu hakuna cha kusukuma. Wakaenda. Mmoja anapelekwa kliniki, mwingine anachukuliwa mizigo, na kwake maziwa hayaishi. Wangare alihama na kigoda changu, akakiweka kwa mlango wa Cheptanui, na hakuona hata haya ya kukipitisha mbele yangu.

Ndiyo karatasi ikakaa kwenye zipu. Kila nikipanga kuitoa, nasikia wanavyocheka ng'ambo, naifunga tena.

Basi turudi kwa ile Jumamosi.

Siku hiyo Kiplangat, kaka yake Cheptanui, alikuwa anaenda kwa kina Becky, msichana wake, kupeleka mahari. Kina Becky ni watu wa Ndundori. Cheptanui alisema hivyo kwa uwanja wiki nzima iliyotangulia, na kila akisema "Ndundori," zipu yangu ilikuwa inaniwasha.

Mipango ilikuwa hivi. Wanaume watatangulia kwa gari kubwa la kukodi. Wanawake watapanda Shosho, na kwa buti watabeba wale wawili: kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, wote hawajazaa. Kwetu Wakikuyu wanaitwa mwati na harika. Hao wasipofika wakiwa hai, wazee wa msichana hawafungui mdomo. Mnaweza kuja na tangi la maji na blanketi kumi, mtaketi mkiangaliana.

Na kwa vile familia ya Cheptanui ni Wakalenjin na hawakujua mambo ya huko, walihitaji mwanamke wa Kikuyu wa kuwaongoza, wa kuimba langoni na kujua nani anasalimiwa kwanza. Huyo ndiye hukaa kiti cha mbele.

Nimeozesha binamu watatu. Nyimbo za langoni najua hadi zile wazee hujifanya hawazisikii.

Wakachukua Wangare.

Wangare, ambaye katika ruracio, sherehe ya mahari, ya mpwa wake alimsalimia mpishi akidhani ni mama wa msichana. Hiyo hadithi niliisambaza mimi mwenyewe, kwa hivyo naijua vizuri.

Kwa hivyo asubuhi hiyo nilitoka na kitambaa. Nakuapia nilitoka na kitambaa mkono mmoja na mkoba mkono mwingine. Nilikuwa nimeamua kumpa Cheptanui karatasi. Nilifika penye gari, nikaona wameweka vitambaa vipya vya viti, na kile kikaratasi cha manukato kinaning'inia kwa kioo, na kwa kiti cha mbele Wangare ameshaweka shali yake ili mtu asikae. Mkono wa mkoba ukarudi nyuma. Mkono wa kitambaa ukaendelea.

Cheptanui akanipata hapo.

"Mimi sina shida na wewe, Mama Shiru," akaniambia, ameshikilia ncha yake ya kitambaa. "Lakini ilikuwa yako. Sasa ni yangu. Ukiuza ng'ombe, utarudi kumkamua?"

"Sijamkamua. Nimempangusa."

Wangare akacheka ndani ya kikombe.

Hapo mlango wa Cheptanui ukafunguliwa, akatoka mama yake. Sisi wote humwita Kogo, ndivyo wanavyoita nyanya kwao. Amevaa vizuri, shanga shingoni, na chupa ya mursik mkononi, ile maziwa yao ya kibuyu.

"Cheptanui, huyu anabaki na nani?" akauliza.

"Kogo, gari imejaa."

"Katikati pale nyuma hakuna mtu."

"Pale chini kuna tuta, Kogo. Mtu anakaa magoti kwa masikio."

"Yeye ameizoea. Si ilikuwa yake?"

Cheptanui akaachilia kitambaa. Hakuniangalia. "Kama unakuja, vaa haraka. Tunatakiwa langoni saa nne."

Nilivaa kama mtu anayekimbia moto, na moto naujua. Mkoba nikaubeba. Nikajiambia nitampa njiani.

Hadi kondoo na mbuzi wakubali kuingia kwa buti, tulitoka saa mbili na nusu. Cheptanui usukani, Wangare mbele, Kogo kushoto kwangu, kulia kwangu blanketi hadi kwenye dari. Mimi katikati, miguu juu ya tuta. Kondoo alikuwa ananipumulia kwenye shingo.

Umewahi kupanda gari lako mwenyewe ukiwa mzigo?

Kila kitu nilikijua na hakuna kilichonijua. Doa la uji la Shiru, siku ile tulimpeleka kidato cha kwanza, lilikuwa chini ya kitambaa kipya. Honi, ambayo wakati wangu ilikuwa inalia ikitaka, sasa ililia ikiguswa. Nikangoja gia ya pili, maana lazima uisukume kushoto kidogo ndipo iingie, na hiyo ni namba mbili kwa karatasi. Cheptanui akaisukuma kushoto kidogo. Ikaingia.

Alikuwa amejifunza mwenyewe. Sikupenda.

"Hii gari ni nzuri kwa kweli," Wangare akasema, akigeuza kioo cha dereva ili ajione. "Imetulia. Zamani ilikuwa kelele tupu."

"Zamani gani?" nikauliza.

"Zamani tu, Mama Shiru. Usichukulie vibaya."

"Ulikuwa unaisukuma ukicheka."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu ya baridi."

Kogo akanigusa goti. "Wacheni hayo. Leo ni siku ya mtoto." Kisha akaniambia polepole, kama siri, "Huyo guka, babu yake Becky, hakututaka. Alisema watu wa maziwa hawajui kutunza kitu isipokuwa ng'ombe. Becky amelia miezi minne ndiyo akakubali atuone. Amesema saa nne. Amesema akiona dharau hata kidogo, hatarudia siku nyingine."

"Guka ndiye anaamua?"

"Baba ya Becky alikufa. Yeye ndiye amemlea. Bila yeye hakuna harusi."

Tulipita Wanyororo, barabara ikaanza kuinuka. Unaijua ile barabara. Haina kona ya kukutisha, inapanda tu, inapanda, kama mtu anayekuuliza swali moja tena na tena. Sindano ya joto ilikuwa imelala pale pale ilipolala tangu 2009. Cheptanui akaiangalia, akaridhika.

"Inapanda kama mbuzi," akasema.

Nikashika zipu ya mkoba. Sasa nimpe. Lakini nikimpa sasa, ataniuliza imekuwa wapi miezi mitatu. Wangare atageuka na ile shingo yake. Jumapili itafika kabla ya pasta.

Halafu nikaisikia. Harufu tamu, kama sukari inayoungua kwa jiko la mtu mwingine. Ni maji ya redieta yanaanza kusema. Wao hawakuisikia. Walidhani ni yale manukato.

Moyoni, na hii ndiyo dhambi yenyewe, nilisikia raha. Kidogo tu. Nikajiambia, leo Shosho atawaambia yeye ni wa nani.

Kogo akafumba macho na kuanza kuomba kwa Kikalenjin. Neno nililoshika ni moja tu, Kiplangat, mara tatu.

Mkono wangu haukunisubiri. Nilijipata nimejitupa mbele katikati ya viti viwili, nimevuka magoti ya Wangare, nimesukuma mti wa hita, ile fimbo ndogo ya kwa dashibodi, hadi mwisho na kuzungusha feni hadi nne, bila hata kuangalia. Hewa ya moto ikampiga Wangare usoni, na alikuwa amejipaka poda za kutosha watu wawili.

"Unatuchoma?"

"Fungueni madirisha. Yote. Mama Cheruto, punguza mwendo."

"Mama Shiru, umerukwa na akili? Tumevaa," Cheptanui akasema.

Wangare akarudisha mti wa hita. Nikausukuma. Akaurudisha. Nikausukuma. Kondoo akalia. Wangare akaushika kwa mikono miwili, mimi nikauvuta, na tukasikia kitu kikikatika.

Tulikuwa tumebaki na nusu ya mti. Nusu hiyo alikuwa ameishika Wangare, akiiangalia kama jino lake. Na hita ilikuwa imefungwa.

Hatukumaliza dakika tatu. Mvuke ukatoka pande zote za boneti, na Shosho akasimama kando ya shamba la viazi, akitetemeka.

Cheptanui aliteremka, akafunika mdomo na leso.

"Usifungue hiyo redieta," nikamwambia. "Itakuchubua uso. Ingoje."

Kulikuwa na mwanamume anapita na mkokoteni wa punda na mitungi ya maji. Nikamsimamisha. Niliongea naye kama tumekua pamoja, akatupatia mitungi miwili na akakaa kuangalia, kwa maana mambo kama hayo hayapatikani kila siku. Tulingoja saa nzima na zaidi. Nikafungua kifuniko kwa kitambaa, kile kile cha asubuhi. Nikamimina pole pole. Pale mti ulipokatika nikaingiza bisibisi ya Cheptanui, nikasukuma hita hadi mwisho, nikaifunga na kamba ya blanketi isirudi.

Wakati huo wote simu ya Cheptanui ilikuwa inalia. Kiplangat. "Mko wapi? Guka ameangalia saa mara mbili. Wanaume tumekalishwa nje ya lango. Bila wale wanyama hatufunguliwi."

Alipoweka simu, Cheptanui akaja karibu nami, upande ambao Wangare haoni.

"Mama Shiru."

"Naam."

"Ulivuta hiyo kitu kabla mvuke utoke. Ulijua?"

Nilikuwa na nafasi. Barabara tupu, ukungu, mtu wa punda, na mwanamke ananiuliza kwa upole. Upole wake ndio ulioniponza. Angenitukana ningesema.

"Nilisikia harufu tu," nikamwambia.

"Asante basi. Bila wewe tungekuwa tumekufa hapa."

Nimewahi kupigwa, nimewahi kuunguliwa. Hiyo asante ilikuwa mbaya kuliko zote.

Tulipanda kilichobaki madirisha wazi, hita ikiunguruma, tukitokwa jasho kwenye baridi ya Ndundori. Wangare poda ilikuwa imefika kwenye kola. Hakuna aliyecheka, na ungefikiri ningecheka mimi.

Tulifika saa tano na nusu. Lango la mbao, limefungwa. Kiplangat na wanaume wake walikuwa wamesimama kando ya ukuta wa miti, wakiwa na suti, kama watu wa mazishi. Shosho alisimama mbele ya lango akiwa bado anatoa mvuke kidogo puani.

Wangare akateremka, akakohoa, akaanza wimbo. Alianza juu sana. Kutoka ndani, mahali wanawake wa msichana hujibu, hakuna aliyejibu. Akaanza tena. Kimya. Kikasikika kijiko tu, mtu anakoroga sufuria, na harufu ya mukimo na nyama ya kuchoma ikaja juu ya lango kututafuta.

Lango likafunguka kiasi cha mtu mmoja.

Mzee akatoka. Koti na tai. Amekonda, fimbo mkononi, lakini lile koti la kituo cha petroli nililijua kabla ya uso.

Hakuangalia Kiplangat, wala hakumwangalia Kogo aliyenyoosha mkono. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Shosho. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Akainama akaangalia alama za maji yaliyomwagika. Akachungulia ndani akaona bisibisi na kamba.

"Miaka kumi na tisa nilikuwa naye," akasema. Sauti haikupanda. "Hajawahi kuchemka hata siku moja. Nani amempandisha bila hita?"

Cheptanui akasogea. "Ni mimi, Guka. Tuwie radhi. Sikujua."

"Hukujua vipi? Niliandika. Namba nne. Karatasi inafuata gari."

"Karatasi gani, Guka?"

Mzee akaigeukia familia nzima, na ile fimbo ikamwelekea Kiplangat. "Wewe ndiye unamtaka Becky?"

"Ndiyo, Guka."

"Nilisema hamjui kutunza, nikaambiwa mimi ni mzee mkali. Nikanyamaza. Sasa mnaniletea gari langu langoni likifuka moshi, na maandishi yangu mmetupa. Mtu akitupa maneno ya mzee aliyoandikiwa bure, mtoto wangu atamsikiliza nani huko?"

Nyuma ya lango nikasikia mtu analia kwa kujizuia. Nadhani ni Becky. Kogo alikuwa bado amenyoosha mkono, hajui kama aushushe.

Cheptanui akageuka polepole. Hakumwangalia Wangare. Aliniangalia mimi, kisha mkoba wangu, kisha mimi tena.

Na mzee akayafuata macho yake.

Akakunja uso, akasogea, akanitazama kama anasahihisha mtihani. Halafu uso wote ukafunguka.

"Wamuyu," akasema. "Wamuyu wa mapazia."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa bado na joto la boneti.

"Wewe ulimtunza. Nilikuwa nasikia kwa watu. Wewe najua uliwapa karatasi, hao ndio hawakusoma. Si ndiyo?"

Kila mtu alikuwa ananiangalia. Wangare alikuwa ameacha hata kupangusa poda. Zipu ilikuwa chini ya kidole changu, na lango lilikuwa wazi kiasi cha mtu mmoja tu.

Mzee hakungoja jibu. Alishika kiwiko changu, akanigeuza kuelekea ndani, kule kwenye moshi wa nyama na meza zilizofunikwa.

"Miaka sita nimekungoja upitie," akasema. "Hawa watasimama kwanza, nitaamua baadaye. Wewe ingia, mama. Ingia ule."